Vitamini Safarini: Namna ya Kuzifunga, Kuzibeba na Kuzitunza Hadi Utakaporudi Nyumbani

Mara ya kwanza nilipompelekea mama kapsuli za mafuta ya samaki kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, niliziweka katika sanduku kubwa lililoingia kwenye buti la basi saa kumi na mbili asubuhi. Tulifika usiku. Nilipofungua kopo mbele yake nilikuta kapsuli zote tisini zimegandana kama sega la nyuki. Mbili tatu zilikuwa zimepasuka, na harufu iliyotoka ilikuwa ya dagaa walionyeshewa mvua wakiwa bado mkekani. Mama aliligeuza kopo mkononi, akaniuliza kwa upole kama ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Tangu siku hiyo nimesafiri mara nyingi na dawa zake na zangu, kwa basi, kwa treni na kwa ndege, na nimejifunza kwamba urefu wa safari si tatizo kubwa. Kinachoharibu vitamini ni saa chache za joto kali, kifuniko kilichofungwa nusu, au mkono wenye maji ulioingia koponi. Mambo hayo yote yanazuilika, na maelezo yanayofuata yanaonyesha namna ya kuyazuia, kuanzia siku unayofunga mizigo.

Hatua ya kwanza: Amua kinachostahili kusafiri

Anza kwa kuhesabu siku. Chukua idadi ya siku utakazokuwa nje, ongeza wiki moja kwa ajili ya kuchelewa, na ubebe kiasi hicho tu. Kopo kubwa la vidonge mia mbili halina sababu ya kusafiri kwa ajili ya siku kumi, kwa maana kila linapofunguliwa mahali penye unyevunyevu, vidonge vyote mia mbili hupata hewa ile ile.

Kisha tenganisha vilivyoagizwa na daktari au kliniki na vile ulivyojinunulia mwenyewe. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asiviache nyumbani hata kwa safari ya siku tatu: Shirika la Afya Duniani linapendekeza ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Hali kadhalika mtu aliyeambiwa ana upungufu wa vitamini B12 au D afuate ratiba aliyopewa. Lakini mtu mzima mwenye afya njema, anayekula mboga, matunda, samaki na maharage, hatadhurika akipumzika wiki mbili bila multivitamini. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimeona watu wakijaza begi makopo saba, wakisahau dawa ya presha.

Angalia pia kama makopo mawili yana kitu kimoja. Multivitamini, mafuta ya ini la samaki na vidonge vya wajawazito huenda vyote vina vitamini A, na mjamzito hatakiwi kuzidisha mikrogramu 3,000 za retinoli, ambayo ni aina ya vitamini A, kwa siku, sawa na yuniti 10,000 (IU kwenye lebo), kwa kuwa wingi wake unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hili lizungumzwe na mfamasia kabla ya safari, si ukiwa stendi.

Hatua ya pili: Soma lebo yote, pamoja na maandishi madogo

Karibu kila lebo ina sentensi moja kuhusu joto. Bidhaa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, wakati nyingi zilizopimwa kwa ajili ya nchi zetu huandikwa chini ya nyuzi 30. Unapokuwa na nafasi ya kuchagua, na unakwenda Pwani mwezi wa Februari, chagua ile ya nyuzi 30. Kipimo hicho kinahusu kuhifadhi kwa muda mrefu, kwa hiyo mchana mmoja wa nyuzi 32 hautageuza vidonge vyako kuwa takataka. Gari lililofungwa vioo juani ni jambo jingine kabisa: humo joto hupita nyuzi 50, na juu ya dashibodi huzidi hata hapo.

Vitamini hazifanani katika udhaifu wao, na ukizijua utafahamu ipi ya kuihangaikia. Madini kama chuma, zinki na kalsiamu hayaozi wala hayapungui nguvu; kidonge chake kinaweza kumeguka au kulowa, lakini chuma hubaki chuma. Vitamini C huungua polepole inapokutana na hewa na unyevu, na ndiyo maana kidonge cheupe huanza kupata madoa ya njano kisha ya kahawia. Vitamini A, B2 na asidi ya foliki huumizwa na mwanga, na hiyo ndiyo kazi ya zile chupa za rangi ya kahawia. Mafuta ya samaki na vitamini D ya matone huchacha kwa joto na hewa. Bakteria rafiki wa tumbo, wanaouzwa katika kapsuli au vifuko, ni viumbe hai na joto huwaua. Baadhi ya aina hizo lazima zikae kwenye friji, nyingine zimeandaliwa kukaa nje, na lebo pekee ndiyo itakayokuambia. Vitamini za kutafuna zilizotengenezwa kama pipi laini huyeyuka na kushikana hata kabla ya kapsuli, kwa hiyo mimi huziacha nyumbani kabisa ninaposafiri kwa barabara.

Kuna aina moja inayohitaji tahadhari ya peke yake, nayo ni vidonge vikubwa vinavyoyeyushwa kwenye glasi ya maji na kutoa povu. Ndani yake mna asidi ya limau na magadi yanayosubiri maji ili yaanze kazi, na mvuke wa hewa ya Tanga au Mombasa unatosha kuyaanzisha. Kifuniko cha mrija wake kina dawa ya kufyonza unyevu ndani yake. Ukikipoteza ukaziba kwa karatasi, siku chache baadaye utakuta vidonge vimevimba na kukwama humo.

Hatua ya tatu: Chagua chombo, kwani hapa ndipo makosa mengi hufanyika

Chombo bora ni kile ambacho vitamini zilitoka nacho kiwandani. Kina rangi ya kuzuia mwanga, kifuniko kinachobana, jina la bidhaa, kipimo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukimwaga vidonge kwenye kifuko cha nailoni unapoteza vyote hivyo kwa mara moja, na afisa wa uwanja wa ndege akikuuliza ni nini, utabaki na maelezo ya mdomo tu.

Ukiwa na kopo kubwa, omba duka la dawa likuuzie kopo dogo la bidhaa ile ile, au chagua vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya alumini. Kwa safari za nchi za joto, mimi naona karatasi ya alumini inashinda kopo, kwa sababu kufungua kidonge kimoja hakugusi vingine. Usiikate ili kupunguza ukubwa. Au ukilazimika, usitupe kile kipande chenye tarehe na namba ya toleo.

Ndani ya makopo mengi mna kifuko kidogo cha chembechembe za silika kilichoandikwa kisiliwe. Kiache humo humo, maana ndicho kinachokunywa unyevu kila unapofungua. Pamba, kwa upande wake, iondoe mara tu unapofungua kopo. Iliwekwa kuzuia vidonge visigongane vikiwa njiani kutoka kiwandani, na ikishabaki humo huvuta unyevu na kuulaza juu ya vidonge.

Visanduku vya plastiki vyenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma, vinafaa kwa mtu mwenye dawa nyingi anayeogopa kusahau. Jaza vya wiki moja tu, weka humo vidonge vikavu, na uache nje kapsuli za mafuta na vidonge vya povu. Kumbuka vilevile kwamba mtoto wa miaka miwili anafungua kisanduku kama hicho kwa kidole kimoja. Beba pamoja nacho kopo la awali, au angalau piga picha ya lebo pande zote kwa simu yako.

Baada ya hapo, makopo yote yaingie katika chombo kimoja kigumu chenye mfuniko. Bati la biskuti linafaa sana, na hata kontena la chakula linalobana ni zuri. Lifunge kwa kanga au fulana katikati ya begi, mbali na pande zinazopigwa na jua. Nguo ni kizuizi kizuri cha joto, na bati likiwa katikati ya nguo huchelewa sana kupata moto wa nje. Chupa za maji maji zisimame wima, kila moja ndani ya kifuko chake, ili ikivuja isiloweshe vidonge. Kuhusu vifuko hivyo, kumbuka kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwezi Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tanzania ilieleza kwamba vifuko vyenye zipu ambavyo msafiri hubebea vifaa vyake vya usafi wa mwili vinaruhusiwa mradi aondoke navyo, lakini ukitumia kifuko cha kitambaa au kontena huna haja ya kujieleza kwa mtu yeyote.

Hatua ya nne: Beba mwenyewe, usikabidhi

Katika basi, begi lenye vitamini likae miguuni au mapajani mwako. Buti la basi liko karibu na injini na lami iliyochomwa na jua, na basi likisimama Morogoro au Singida kwa chakula, joto la humo halina pa kutokea. Rafu ya juu ya kichwa nayo iko chini ya paa la bati, kwa hiyo si mahali pazuri katika basi lisilo na kiyoyozi. Kiti cha upande usiopigwa na jua ni msaada ambao wasafiri wengi hawaufikirii: ukitoka Dar es Salaam asubuhi kuelekea Dodoma unakwenda magharibi, hivyo jua la mchana litakuwa upande mmoja wa basi kwa saa nyingi, kusini katika miezi ya Novemba hadi Januari, na kaskazini katikati ya mwaka.

Katika gari dogo, usiache kitu kwenye dashibodi wala kwenye kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Mkishuka kula, shuka na begi.

Kwa ndege, vidonge na kapsuli viingie kwenye begi la mkononi. Sanduku linalokabidhiwa kaunta linaweza kukaa juani uwanjani kwa muda, na linaweza pia kupotea, ilhali mashine za mionzi za ukaguzi haziharibu vitamini hata kidogo. Vidonge havimo katika masharti ya vimiminika. Matone, sharubati na mafuta vimo, na viwanja vingi bado vinadai chupa isizidi mililita 100 na chupa zote zikae katika kifuko kimoja kinachoonyesha, chenye ujazo wa lita moja. Anayekwenda Marekani na unga wa protini au wa vitamini atambue kwamba unga unaozidi mililita 350 katika begi la mkononi hufanyiwa ukaguzi wa ziada, na usipotambulika huzuiwa. Ni heri uingie kwenye sanduku kubwa.

Hatua ya tano: Jiandae kwa ajili ya mpaka

Kopo moja au mawili ya vitamini za kawaida, yenye lebo na yanayolingana na siku zako, ni nadra kuleta maswali. Makopo ishirini ya aina moja ni biashara machoni pa forodha, hata kama kweli ni zawadi za ukoo mzima. Wenzetu wanaorudi kutoka Ulaya na Marekani hukumbwa na hili mara kwa mara, kwa hiyo wagawie wasafiri wenzako mapema au punguza.

Hatari kubwa zaidi ni bidhaa zinazouzwa rafu moja na vitamini huku sheria zake zikitofautiana nchi hadi nchi. Melatonini, inayotumika kusaidia usingizi, huuzwa Marekani bila cheti cha daktari, lakini Uingereza hutolewa kwa cheti. Mafuta na pipi zenye CBD, ambayo hutokana na mmea wa bangi, huuzwa hadharani katika majimbo mengi ya Marekani, lakini ukishuka nazo Dubai unaweza kukabiliwa na kesi ya dawa za kulevya. Soma viambato vyote hadi mwisho kabla ya kwenda Ghuba. Ukiwa na dawa uliyoandikiwa, beba cheti chenye jina lililo sawa na la pasipoti.

Nyongeza kwa Waislamu: kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Kama hilo linakuhusu, nunua yenye alama ya halali kabla ya kuondoka, kwa maana ugenini lebo inaweza kuwa katika lugha usiyoisoma.

Hatua ya sita: Ukifika, tafuta mahali pakavu ambapo watoto hawafiki

Bafu na jiko viondoe kwenye hesabu mara moja. Mvuke wa maji ya moto na wa sufuria huingia katika kila kopo linalofunguliwa karibu. Dirishani napo pana jua. Hotelini, droo ya kabati la nguo inatosha.

Friji si jawabu la kila kitu. Kopo likitoka kwenye baridi na kufunguliwa katika hewa ya joto, umande hujitengeneza juu ya vidonge, na ukirudia hivyo kila siku utakuwa umevilowesha mwenyewe. Weka kwenye friji kile tu ambacho lebo imeagiza, na usikisogeze kwenye kigandishi.

Kijijini, ambako nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, kuna mgongano wa mahitaji mawili. Juu ya kabati ndiko watoto wasikofika, lakini ndiko kunakowaka moto saa nane mchana. Sakafuni kuna ubaridi, lakini kila mtoto wa nyumba anafika. Suluhisho nililolifikia ni sanduku lenye kufuli, chini ya kitanda, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la jioni, na ufunguo ukae shingoni mwangu.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu jambo hili linaua. Vidonge vya kuongeza damu mara nyingi vina rangi nyekundu au kahawia, vimepakwa utando mtamu, na mtoto huviona kuwa pipi. Kidonge kimoja cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma. Kwa mtoto wa kilo kumi, vidonge vinne vinatosha kumletea dalili za sumu, na kumi vinaweza kumuua. Mgeni akiacha pochi wazi kitandani katika nyumba iliyojaa wajukuu, amewaweka hatarini bila kukusudia. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo pamoja na kopo, ili wahudumu wajue ni dawa gani na zimebaki ngapi. Usimtapishe. Wala usitulie akiacha kutapika na kuonekana mzima, kwa sababu sumu ya chuma ina kipindi cha utulivu cha saa kadhaa kabla ya hali kugeuka kuwa mbaya zaidi.

Hatua ya saba: Meza kwa utaratibu hata ukiwa njiani

Fungua kopo mahali pakavu, mikono ikiwa imekauka. Gonga kidonge kitoke kiingie kwenye kifuniko, si kiganjani, kisha cha ziada kirudi bila kuguswa. Funga hadi usikie kifuniko kinalia au kimegota. Ukisahau siku moja, endelea kesho na dozi ya kawaida bila kuirudufisha.

Chai ya rangi na kahawa huzuia mwili kufyonza chuma, kwa hiyo kidonge cha damu kisimezwe pamoja na chai ya asubuhi ya stendi. Kisukume kwa maji, au juisi ya chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili. Kalsiamu nayo ipewe saa yake tofauti na chuma.

Wasafiri wanaomeza doksisaiklini kujikinga na malaria wanapaswa kujua kwamba chuma, kalsiamu, magnesiamu na zinki huishika dawa hiyo tumboni na kuipunguzia nguvu. Siprofloksasini, ambayo huandikiwa baadhi ya wasafiri wanaoharisha, hufanyiwa vivyo hivyo. Mwombe mfamasia akupangie saa za kila kimoja. Kwa doksisaiklini, wepesi zaidi ni kumeza dawa asubuhi na madini usiku.

Hatua ya nane: Kagua, na usione haya kutupa

Kila baada ya siku chache mwaga vidonge vichache kwenye kifuniko, ukivitazama mchana. Madoa ya kahawia kwenye vitamini C, kapsuli zilizogandana, mafuta yenye harufu ya rangi ya ukutani au samaki aliyechacha, vidonge vya povu vilivyovimba, unga uliofanya mabonge: vyote hivyo usimeze. Kapsuli mbili tatu zilizoshikana kidogo kisha zikaachana bila kupasuka, na hazina harufu mbaya, bado zinafaa.

Ukilazimika kununua ugenini, nenda kwenye famasi au, kwa vijijini Tanzania, kwenye Duka la Dawa Muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Angalia kizibo hakijaguswa na tarehe haijafutwa. Epuka makopo yaliyopangwa juani kwenye meza ya barabarani hata kama bei ni nusu, kwa sababu yamekwisha kupitia kila jambo ambalo mwongozo huu unakukataza.

Vilivyoharibika visitupwe shimoni au uani, ambako kuku na watoto hupekua. Virudishe famasi kama inapokea. La sivyo viponde, vichanganye na majani ya chai yaliyotumika au majivu, vifunge katika karatasi, ndipo uvitupe, huku lebo yenye jina lako ikiwa imechanwa. Kopo tupu likioshwa na kukaushwa litamfaa mtu kuwekea vifungo, lakini futa kwanza maandishi, ili asije mtu mwingine akadhani kilicho ndani ni dawa.